Kengele Bila Wali

Mshauri mpendwa, nimeegesha gari letu dogo la mizigo chini ya miti ya cheri, nimepandisha vioo, na ninaandika haya juu ya paja kwa sababu nyumbani kwetu hakuna chumba ambacho mtu anaweza kulia bila kuulizwa ana nini, basi naomba unisaidie, na ukiona ninastahili kukaripiwa nikaripie, ila unijibu kabla ya Pentekoste.

Nina miaka arobaini na tisa. Nilibatizwa nikiwa mwanafunzi huko Sendai, na nilipoolewa huku Yamagata miaka ishirini na mitatu iliyopita niliingia katika nyumba ambayo, kama nyumba zote za kijiji chetu na nyingi za Japani, ina kabati la marehemu katika chumba cha ndani, jeusi kwa nje na la dhahabu kwa ndani, lenye vibao vya majina ya waliotangulia na picha ya baba mkwe wangu, mzee Yasuzo, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijafika. Kila asubuhi wali wa kwanza kutoka kwenye sufuria, kabla mtu yeyote hajaonja, hutiwa katika kibakuli cha shaba kisichozidi kikombe cha kahawa, ukapelekwa mbele ya ile picha, ukawashwa ubani, kengele ikagongwa mara mbili, mikono ikaunganishwa, na hapo ndipo nyumba inapoanza siku. Mvuke ukiisha wali huteremshwa. Hautupwi. Mama mkwe wangu, ambaye hapa nitamwita Tomie, huuweka hadi mchana umepoa na kukauka, akaumwagia chai ya moto na kuula peke yake kwa achari ya figili, na ukimwuliza kwa nini asile wali wa moto kama sisi hukujibu, "Nala na mzee. Yeye kaanza, mimi namalizia."

Mama hakuwahi kunilazimisha kitu. Siku ya tatu ya ndoa yangu aliniita akaniambia, "Wewe una Mungu wako, mimi nina mume wangu. Jikoni tutagawana, kule ndani ni kwangu." Tukaishi hivyo miaka ishirini na miwili, mimi Jumapili naenda kanisani kwa gari dakika arobaini, yeye ananifungia mkate wa mchele wa kula njiani na kunitania, "Wasalimie huko, waambie mama mkwe mpagani bado yu hai."

Novemba iliyopita aliteleza kwenye barafu mbele ya ghala akavunjika nyonga. Alilazwa siku arobaini na nne, na tarehe nane Januari tukamrudisha nyumbani, tukamtandikia kitanda kwenye chumba kilicho karibu na jiko ili nimsikie akiita, na kutoka pale hawezi kuona chumba cha ndani, na kiti cha magurudumu tunachompelekea kliniki hakipiti kwa sababu ya kizingiti, lakini masikio yake ni mazima kuliko yangu. Asubuhi ya kwanza, mume wangu Shuichi akiwa amekwisha kwenda kupogoa miti kwenye theluji, Mama aliniita. "Mwanangu," akasema, "najua imani yako, na nisingekuomba kama miguu ingekuwa yangu. Lakini mzee hajala tangu nianguke." Nikasema, "Sawa, Mama, nitampelekea."

Nikatia wali, nikaenda nao hadi mbele ya kabati, nikasimama pale na kibakuli mkononi, na mshauri, sikuweza, mkono wangu ulikataa, nikamkumbuka aliyenibatiza na kiapo nilichoapa, nikamkumbuka na yule bibi kitandani aliyekuwa ametega sikio, nikashika kijiti nikagonga kengele mara mbili, kwa nguvu, ili isikike, nikarudi jikoni kwa ncha za vidole nikarudisha wali kwenye sufuria. Nikamwambia, "Tayari, Mama." Akasema, "Asante, mwanangu," akalala usingizi mzuri kama mtoto aliyenyonya.

Tangu siku ile hadi leo asubuhi nimefanya vivyo hivyo kila siku saa kumi na moja na nusu. Sikuweka wali, sikuunganisha mikono, ubani sikuwasha, na Mama aliposema hasikii harufu yake nilimjibu kwamba daktari amekataza moshi karibu na kifua chake, jambo ambalo daktari hajawahi kulisema. Mchana akiuliza wali wa mzee nampakulia kutoka sufuria ile ile, ambayo ni ya umeme na haipoi kutwa nzima, namwagia chai, na yeye anakula taratibu huku akizungumza na mumewe. Siku moja alicheka hadi akakohoa, akaniambia, "Mzee siku hizi ana adabu. Wali anaurudisha na moto wake!" Nikacheka naye. Nakuambia ukweli, wakati huo sikuona aibu, niliona nimekuwa hodari, kama mtu aliyevuka mto bila kulowa, kwa sababu Bwana wangu sikumkana na mama mkwe wangu sikumhuzunisha, na nilipokuwa naomba usiku nilishukuru.

Mambo yalianza kunielemea mwezi wa Machi. Wifi yangu Setsuko alikuja siku tatu kwa ajili ya kusafisha kaburi, na huyu Setsuko siku ya harusi yetu alisema mbele ya shangazi zake wote kwamba Mkristo ataliacha kaburi la baba liote magugu, na tangu hapo tumekuwa tukisalimiana kama watu wa benki. Asubuhi ya pili nikiwa nakata figili aliingia jikoni na nguo za kulalia, akapiga magoti kwenye sakafu ya mbao, akainamisha kichwa hadi chini.

"Wifi, nimesikia kengele. Jana nilidhani umefanya kwa sababu nipo. Leo nimemuuliza Mama, kaniambia ni kila siku."

"Inuka, wifi, sakafu ni baridi."

"Siinuki. Miaka ishirini na mitatu nimekusema vibaya. Mimi niliyezaliwa naye sijui kama ningeamka saa hizi kumpelekea Baba wali. Nisamehe."

Nikamwambia, "Si kitu." Ndilo neno lililonitoka, si kitu, na kisu kilikuwa bado mkononi. Tangu siku ile hunipigia simu kila Jumatano, na ananitumia biskuti za karanga kutoka kwao, nami pakiti sizifungui.

Kisha Aprili, wiki ya Pasaka, alikuja Mchungaji Onodera kuniletea ratiba ya ibada, na kama kawaida yake akakaa kitandani kwa Mama wakanywa chai na kubishana kama baridi kali itarudi iue maua ya cheri. Katikati ya maneno ya baridi Mama akamuuliza, "Mchungaji, yale maji yenu, mnawamwagia hata wazee?"

"Tunawamwagia, bibi."

"Ni baridi?"

"Kwako tutayapasha moto."

"Basi nimwagie. Huyu mkwe wangu ananipigia ile kengele kila asubuhi, na najua inavyomuuma. Mungu aliyemlea mtu hivi ningependa kumsalimia kabla sijafa."

Mchungaji alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Ubatizo umepangwa Jumapili ya Pentekoste, tarehe nane Juni, kabla mavuno ya cheri hayajaanza, watamletea maji hapa hapa nyumbani, na Setsuko, sikutegemea, amesema atakuja. Na bado. Mlangoni wakati wa kuvaa viatu Mchungaji aliniambia, "Dada, kanisa letu lina watu kumi na wanne, na wote tunaishi katikati ya makabati kama haya na hatujui tuyafanyeje. Ulichofanya wewe ni upendo. Siku hiyo simama utusimulie."

Nimemwambia mtu mmoja tu, mume wangu, juzi, tukipunguza matunda mabichi, yeye akiwa juu ya ngazi. Aliendelea kuchuma mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema bila kunitazama, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "Mama Minori, mama ana miaka themanini na minane. Amefurahi. Wali ni wali. Usimharibie."

Labda anasema kweli. Daktari anasema moyo wa Mama ni dhaifu. Nikimwambia, namwambia kwamba mumewe amekaa bila chakula miezi minne na mimi nikicheka naye juu ya wali wa moto, na kwamba yule mtu aliyemfanya amtake Mungu hayupo, na akinigeuzia uso ukutani sitamlaumu. Nisipomwambia, atabatizwa juu ya uongo wangu, na mimi nitasimama mbele ya kanisa kuusimulia. Nimefikiria kumwambia baada ya ubatizo, nimefikiria kungoja hadi afe, nimefikiria hata kuanza kuweka wali kweli kuanzia kesho ili angalau siku zilizobaki ziwe za kweli. Nampenda mama huyu kuliko nilivyompenda mama aliyenizaa. Nifanye nini?

Mkwe, Yamagata


JIBU

Dada,

Umeomba ukaripiwe, basi tuanze na hilo tulimalize.

Umevuka mto bila kulowa, unasema. Mimi nakuona umelowa hadi shingoni. Umelinda mkono usiweke wali, ukauachia mdomo useme lolote. Hesabu mwenyewe: kuna uongo wa kila asubuhi, kuna uongo wa kila mchana, na kuna daktari wa watu uliyemtia maneno kinywani bila yeye kujua. Amri uliyoogopa kuivunja uliilinda kwa kuivunja nyingine iliyo kwenye orodha ile ile, kisha ukashukuru katika sala. Waumini wa nchi hii tuna ugonjwa huo. Tumeishi karne nyingi tukiwa wachache kati ya majirani wema, tukajifunza kuwa na kitu kimoja moyoni na kingine mkononi, na mara nyingine ilikuwa lazima ili mtu abaki hai. Lakini wewe hakuna aliyekushikia upanga. Ulikuwa na bibi kizee aliyevunjika nyonga, ambaye miaka ishirini na miwili iliyotangulia alikuonyesha kwamba anaweza kuambiwa "siwezi" na bado akakufungia mkate wa njiani.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi katika barua yako. Hukumwamini. Alikufungulia mlango mwenyewe, akasema "najua imani yako". Ungeweza kumjibu, "Mama, siwezi kuweka, naomba unisamehe, lakini tutatafuta mtu." Na mtu alikuwepo. Nimetafuta katika barua nzima sababu ya Shuichi kutompelekea baba yake wali, sijaiona. Baba ni wake. Kabati ni la kwao. Mikono anayo, maana inapogoa miti. Siku arobaini na nne mama yake alizokuwa hospitalini, yeye alipita mbele ya picha ya baba yake kila siku na halikumjia wazo, kwa kuwa katika nyumba zetu kazi ile huhesabiwa ni ya wanawake, kama kufua. Sasa yuko juu ya ngazi anakuambia wali ni wali. Mwambie ashuke. Ushauri wa kunyamaza ni mwepesi kwa mtu ambaye kunyamaza kunamwacha alale.

Karipio limekwisha. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na nadhani kuna jambo umeliandika bila kuliona.

Mama mkwe wako amekula wali wa kabati, uliopoa na kukauka, kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna mtu katika mkoa mzima anayeujua wali ule kuliko yeye. Wewe umempa wali wa moto kutoka kwenye sufuria ya umeme, kila mchana, kwa miezi minne. Naye amekuambia, akicheka, kwamba mzee anaurudisha na moto wake. Kisha siku ya Mchungaji, kama umemnukuu sawasawa, na barua yako inaonyesha una kumbukumbu nzuri, hakusema kwamba unamlisha mume wake. Hakutaja wali kabisa. Alisema unapiga kengele, unampigia yeye, na kwamba anajua inavyokuuma.

Sisemi kwamba anajua. Sikuwepo, na nimefanya kazi ya kusikiliza watu muda wa kutosha kujua kwamba maneno ya mgonjwa yanaweza kuwa maneno tu. Nasema kwamba ushahidi wako kuwa hajui ni mdogo sana.

Usifurahi haraka. Hilo halikuokoi na kusema, linakuongezea sababu. Kama hajui, ana haki ya kujua kabla hajainamisha kichwa chake kumwagiwa maji. Kama anajua, basi mgonjwa wa miaka themanini na minane amekuwa akibeba siri yako peke yake, anakula wali wako wa moto na kukuchekesha ili usione aibu, na anangoja umwambie. Katika hali zote mbili mtu wa kufungua mdomo ni wewe. Moyo dhaifu, unasema. Muulize daktari, safari hii kweli, kama anaweza kupewa habari nzito, na saa ngapi ya siku ana nguvu zaidi. Lakini moyo uliostahimili kufiwa, kuvunjika nyonga na miaka ishirini na mitatu ya mkwe anayeamini tofauti, mimi nisingeukatia tamaa kirahisi.

Unaogopa kwamba yule mtu aliyemfanya amtake Mungu hayupo. Acha maneno makubwa. Nani alimgeuza kitandani asipate vidonda? Nani alimwogesha, akamkatia figili nyembamba kwa ajili ya meno yake, akaamka saa kumi na moja na nusu asubuhi mia moja na zaidi, baridi ya Yamagata ikiwa nje? Mtu huyo yupo, nimemsoma hapa. Kuhusu wali ulimdanganya. Kuhusu kwamba unampenda hukumdanganya, na bibi aliyelea watoto wawili na kuzika mume anajua kutenganisha vitu hivyo viwili vizuri kuliko wewe na mimi. Inawezekana akakasirika. Inawezekana akasema ubatizo hautaki tena. Ikiwa hivyo, maji yatangoja. Yamengoja miaka themanini na minane. Mungu haharakishwi na ratiba ya mavuno ya cheri. Ila ubatizo ambao mkwe aliulinda kwa kufunga mdomo ungekuwa wako, usingekuwa wa Tomie.

Kuweka wali kweli kuanzia kesho bila kusema, futa kabisa. Hapo utakuwa umefanya lile ulilokula kiapo usilifanye, kwa sababu mbaya, na bado umedanganya. Kungoja afe, futa pia. Nimewahi kukaa na waliongoja. Wanakuja kuzungumza na mimi, na mimi si wale waliopaswa kuambiwa.

Basi fanya hivi. Kabla ya yote zungumza na Shuichi, leo, chini ya ngazi. Usimwombe ruhusa. Mwambie siku utakayosema, na umwambie awepo nyumbani lakini si chumbani. Kisha mwambie jambo la pili, kwamba kuanzia kesho yake wali wa baba yake ni kazi yake, mpaka mama yake atakapoweza mwenyewe. Akisema ana kazi shambani, mkumbushe kwamba wewe ulikuwa na kazi pia. Na aache kukiangalia kile kizingiti kama mlima. Seremala wa kijijini atakata kibao cha mteremko mchana mmoja, au waulizeni wahudumu wa kliniki, wao wanajua vibao hivyo vinakopatikana. Miezi minne bibi huyu ametenganishwa na mumewe kwa ubao wa vidole vitatu, na nyumba nzima mkaona cha kutatua jambo hilo ni kengele. Msukumeni hadi mbele ya picha akae naye anavyotaka. Utaniuliza kama ni sawa kwa mtu anayengoja ubatizo. Ni mke anayetaka kuzungumza na mumewe kabla ya uamuzi mkubwa. Atakachofanya pale, kuweka wali au kuaga au kunyamaza, ni chake na Mungu wake mpya, na Mchungaji Onodera anaonekana mtu wa kumsikiliza bila haraka. Wewe usimwamulie kwa mara nyingine.

Usimtangulize Mchungaji. Najua utatamani kukimbilia kwake kwanza, upate baraka na sala na pengine aje akushike mkono. Hapana. Habari ni ya Tomie, yeye ndiye wa kwanza. Baada yake mwambie Mchungaji, na umwambie hutasimama kusimulia chochote siku ile. Akisema ukweli huu ndio ushuhuda mzuri zaidi, mwambie labda, siku nyingine, Mama akiruhusu. Kisha Setsuko, kwa sauti yako, siyo kwa ujumbe wa simu. Alipiga magoti kwenye sakafu ya baridi kwa ajili ya jambo ambalo hukulifanya. Huyo anaweza kukukasirikia mwaka mzima, na utaustahimili, maana ni haki yake. Biskuti zikisimama, zimesimama.

Siku ya Mama, chagua asubuhi, ameshakula, ameshaogeshwa, jua likiwa chumbani. Kengele usiipige siku hiyo. Atakuuliza, na swali lake litakufungulia njia. Kaa chini, macho yako yawe sawa na yake. Usianze kwa kulia, kwa sababu ukilia atakubembeleza, na utakuwa umempora nafasi ya kukasirika. Usimweleze amri wala sura wala aya, hajaomba mahubiri. Mwambie kwa sentensi fupi. Mama, wali wa Baba sikuwahi kuuweka. Niligonga kengele tu ili usikie. Nilishindwa, na nilishindwa kukuambia kwamba nimeshindwa. Na daktari hakukataza ubani. Kisha funga mdomo. Usiseme "lakini". Usiombe msamaha mara kumi ili akuonee huruma. Omba mara moja.

Anaweza kunyamaza muda mrefu. Anaweza kugeukia ukuta kama unavyoogopa. Wengi wanapofika hapo, wakishasema neno gumu, huinuka haraka, wanakumbuka nguo za kuanika, wanakwenda kuosha vyombo ambavyo ni safi, na yule aliyeambiwa anabaki peke yake na kile alichoambiwa. Wewe usiinuke. Simu ikilia, iache ilie. Hata akikwambia utoke, mwulize mara moja kama kweli anataka utoke, na akinyamaza, kaa.